Niliagiza yaya kwenye simu, nikaletewa mtoto

Mimi leo sina stori za kumbi za starehe wala za wapenzi waliofumaniana gesti. Nina stori inayonihusu mwenyewe, na kuisimulia naona aibu kidogo. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, kwa hiyo sina cha kuficha.

Ndiyo, nimezaa. Yaani waifu ndiye aliyezaa, ila mnanielewa. Kidume cha kwanza, kilo tatu na ushee, sauti kama honi ya basi la mkoani. Raha tupu! Lakini raha hiyo ina kalenda yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa zisizopungua tatu. Tatu, ndugu zangu! Zangu zilikwisha kabla sijajua kumfunga mtoto nepi. Za waifu nazo zikawa zinayeyuka kama barafu juani. Akirudi kazini sheria inampa pia hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini ofisi yake iko Posta na sisi tunakaa Tabata. Saa mbili hizo zinaishia kwenye foleni.

Kwa hiyo Oktoba mwaka jana, zikiwa zimebaki wiki mbili, waifu akaniuliza, "Baba nanii, huyu mtoto tutamwachia nani?"

Nikamjibu kwa mapozi, "Niachie mimi."

Zamani mama zetu walikuwa wanaagiza yaya kwa barua. Barua anapewa kondakta wa basi, baada ya mwezi shangazi anashuka na binti mkononi. Binti mwenyewe anajulikana ni mtoto wa nani, babu yake nani, na akiharibu, barua nyingine inarudi kijijini. Mimi nikaona hayo mambo yamepitwa na wakati. Chakula naagiza kwenye simu, bodaboda naita kwenye simu, luku nanunua kwenye simu. Beki tatu atanishindaje?

Jioni ileile nikaingia Facebook, nikaingia Instagram, nikaunganishwa kwenye makundi ya WhatsApp. Jamani, kumbe kuna soko zima humo ndani! "Wadada wa kazi waaminifu, wacha Mungu, wanapatikana, mikoa yote." Picha zimepangwa kama viatu vya mtumba Karume. Huyu anajua kupika, huyu anajua kulea, huyu hali sana. Naapa, niliona tangazo limeandikwa hivyo: hali sana.

Kosa langu la kwanza nililifanya palepale. Nikaweka tangazo langu: picha ya mtoto amelala, jina la mtaa wetu, rangi ya geti, na maelezo kwamba baba na mama wote tunatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 1 usiku. Haikupita nusu saa, shemeji yangu akapiga. "Shemeji, wewe unatafuta yaya au unatafuta wezi?" Nikalifuta mbio. Lakini kitu kikishapita kwenye simu za watu mia mbili, utakifuta wapi chote?

Kosa la pili lilinigharimu. Wakala mmoja akaniambia nitume elfu 30 ya fomu, binti yuko tayari, kesho asubuhi yuko mlangoni. Nikatuma. Akajibu, "Imepokelewa kaka, Mungu akubariki." Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kubarikiwa naye, maana toka hapo simu haipatikani. Mimi mtoto wa mjini, kila siku nawacheka wanaoibiwa na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nimeingizwa mjini mchana kweupe. Namba yake niliituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Hela ndiyo ilishaingia mitini.

Mngedhani hapo ningepata akili. Wapi!

Wakala wa pili alikuwa mama mwenye sauti laini, kila sentensi ana "mwanangu". Kundi lake lilikuwa limejaa sifa: asante mama, binti ni mzuri mno; ubarikiwe mama, yaya amekaa mwaka wa pili. Baadaye nilikuja kugundua kwamba sifa zile zilikuwa zinatoka kwenye namba tatu zilezile. Lakini wakati ule mtu una shida, unasoma unachotaka kusoma.

Akanitumia picha. Mwanamke wa miaka 25, mnene kiasi, kitambaa kichwani, anatoka Iringa. Chini yake ameandika: mpole, mwaminifu, hana mchumba, hana simu. Mimi nikaona hiyo "hana simu" ni sifa. Sikujiuliza kwamba maana yake siwezi kuongea naye hata neno moja kabla hajafika. Nikatuma nauli, na nusu ya ada ya wakala. Nusu nyingine nilipe akishafika. Nikamwambia waifu, "Unaona? Huyu analipwa mzigo ukifika, hawezi kuwa tapeli."

Mzigo. Ndivyo nilivyosema, na wala sikushtuka.

Siku ya Jumatano nikaenda Mbezi Luis, kile kituo kikubwa cha mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka 2021. Basi likaingia saa 10 jioni. Nikasimama mlangoni nimeshika simu yenye picha, natafuta mwanamke wa miaka 25. Wakashuka wanaume, wakashuka akina mama na watoto wao, basi likaisha. Nyuma kabisa akashuka mtoto wa kike na mfuko wa shangazi kaja unaokaribia kumzidi urefu. Ndala miguuni, sweta la shule limetolewa nembo. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaja mpaka nilipo.

"Shikamoo baba. Mimi ndiye yaya."

Nilishindwa hata kuitikia. Nikamwuliza ana miaka mingapi. Akasema kumi na nane. Nikamwuliza amezaliwa mwaka gani. Akaanza kuhesabu kwa vidole, halafu akaangalia chini. "Niliambiwa niseme kumi na nane." Alikuwa na miaka 13. Alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita na matokeo yalikuwa hayajatoka. Mama yake aliambiwa kwamba anakuja Dar kukaa na familia ya kanisani na kufundishwa cherehani. Ile picha ya mwanamke wa miaka 25? Hakuwahi kumwona huyo mtu.

Nikampigia wakala. Sauti laini ikawa ya kamba ya katani. "Sasa wewe ulitaka bibi? Hawa wadogo ndio wasikivu. Tuma hela iliyobaki." Nilipomwambia simtumii, akanifungia namba.

Usiku ule nawasimulia kama ulivyokuwa, bila kujipamba. Tulimpa yule binti chakula, akala kimya kimya, akaosha sahani bila kuambiwa. Saa 3 mtoto akaanza kulia. Waifu amechoka, mimi na digrii yangu nimembembeleza hadi mikono imekufa ganzi, wapi. Binti akaomba kanga, akamtupia mgongoni, akatembea naye sebuleni anaimba wimbo wa kwao. Dakika tano tu, kidume kimelala. Waifu akaniangalia, nami nikamwangalia.

Jirani yetu, mama mtu mzima na mwenye nia njema, alikuwa amekuja kumwona. Akanivuta pembeni. "Baba, wote wanakuja hivyohivyo. Mlishe, mvishe, baada ya miezi sita hutamtambua. Kwao huko anateseka tu, wewe utakuwa umemsaidia." Maneno matamu kweli, maana yalinifaa mimi. Jumatatu waifu anatakiwa kazini. Nauli nimeshalipa. Mtoto amemkubali. Nikaanza kupiga hesabu kichwani: nitampa mshahara mzuri, nitamnunulia nguo, labda mwakani nimpeleke kwenye hiyo cherehani. Ni kama robo saa hivi, wasomaji, mimi nilikuwa mtu wa kumweka. Siwadanganyi.

Niliporudi sebuleni binti alikuwa amekaa kwenye kochi, mtoto amemlaza mapajani, na yeye mwenyewe usingizi umemchukua, mdomo wazi. Nikasimama pale nikawaona watoto wawili.

Waifu akasema taratibu, "Nikimwachia huyu mtoto wetu, nani atakuwa amemwachia nani?"

Hesabu zangu zikafutika zote.

Asubuhi tukapiga 116, ile namba ya bure ya kusaidia watoto, wakatuelekeza kwa ofisa ustawi wa jamii. Nilienda nikijua nitagombezwa. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulizungumza naye kabla ya kulipa?" Nikakosa jibu. Kisha akanieleza sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyoharibu afya wala masomo, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sasa yaya wa kulala ndani, anayeamka na kichanga saa 8 usiku, mnamweka wapi hapo? Halafu ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Kumkusanya mtoto kijijini kwa uongo na kumsafirisha akatumikishwe ni kosa la jinai. Na nauli ya kosa hilo niliituma mimi, kwa mkono wangu, nikaweka na namba ya siri.

Taarifa za wakala tulizitoa polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, pamoja na namba na mazungumzo yote. Binti alikuwa na namba ya mwenye duka wa kijijini kwao kwenye kikaratasi cha daftari, ndiyo tukampata mama yake. Mama alilia kwenye simu mpaka mwenye duka akamsaidia kuongea. Mdogo wake aliyeko Mbagala akaja kumchukua kupitia ofisi ya ustawi, akamrudisha kwao. Waifu aliomba ruhusa ya dharura, mama mkwe akaacha kuku wake Morogoro akaja kutuokoa.

Matokeo yalipotoka, mwenye duka yuleyule alinitumia meseji. Binti amefaulu, anaingia kidato cha kwanza. Sekondari ya serikali haina ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, yeye alichohitaji ni kuwepo tu kijijini shule inapofunguliwa. Angekuwa kwangu, Januari ile angekuwa anafua nepi Tabata. Tumemnunulia madaftari na sare. Msinisifu, hilo ni deni.

Sasa mtaniuliza, je, uliitupa simu? Hapana. Kisu kikikukata hukitupi, unajifunza kukishika. Na msidhani balaa hili ni la Bongo peke yake. Huko Marekani kuna kampuni inaitwa Care.com, ilianza mwaka 2006, kazi yake ni kuwakutanisha wazazi na walezi. Mwaka 2019 gazeti la The Wall Street Journal lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya walezi waliokuwa kwenye orodha yake walikuwa na rekodi za polisi. Baada ya hapo kampuni ikaongeza ukaguzi wake. Kama wenzetu wenye kompyuta za kila aina wanaweza kupitiwa, wewe na kikundi cha WhatsApp cha mtu usiyemjua unategemea nini?

Mara ya pili tulitumia simu, lakini kwa akili. Waifu aliandika ujumbe mfupi, bila picha ya mtoto wala ratiba yetu, akauweka kwenye makundi matatu ambayo watu wake tunaonana uso kwa uso: la jumuiya, la mtaa, na la akina mama aliokuwa nao kliniki. Ndani ya siku mbili tukapata majina matatu.

Hapo ndipo kazi ikaanza. Tulipiga simu kwa waajiri wao wa zamani. Usiulize "Ni mzuri?" maana kila mtu atakwambia ni mzuri. Uliza: alikaa muda gani? Kwa nini aliondoka? Mtoto alipougua alifanyaje? Unaweza kumrudisha leo? "Bosi" wa yule wa kwanza alishindwa kunitajia umri wa watoto wake mwenyewe. Nikajua hapa napigwa changa la macho. Wa pili alikuwa mzuri ila anatafuta kazi ya kutwa, na sisi tunatoka alfajiri mno. Wa tatu alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, amelea mapacha kwa miaka minne Segerea mpaka ile familia ikahamia Dodoma. Nikamwuliza yule mwajiri wa Dodoma kasoro yake. Akafikiri. "Ana kasoro moja. Akiwa na watoto hapokei simu. Anaiacha chumbani, mpaka walale."

Nikasema hiyo nayo ni kasoro? Mlete!

Alikuja Jumamosi, waifu yupo, mama mkwe yupo. Kabla ya kumshika mtoto akaomba maji ya kunawa. Alikuja na kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakotoka, na jina la mdhamini. Tukamwuliza maswali yetu yote, akajibu. Halafu akasema, "Na mimi naweza kuuliza, baba?"

"Uliza, dada."

"Nimpigie nani aniambie habari zenu?"

Sebule nzima kimya. Mama mkwe akaacha kutafuna karanga.

Akaeleza taratibu, bila kulalamika. Kabla ya Segerea aliwahi kufanya kazi nyumba moja ambayo mshahara haukutoka miezi mitatu. Nyumba nyingine ilibidi akimbie usiku, baba mwenye nyumba alikuwa anagonga mlango wake wakati mke amesafiri. "Nyie mnatafuta mtu wa kumwamini kwa mtoto," akasema. "Na mimi natafuta nyumba ya kuiamini kulala ndani yake."

Wasomaji wangu, wiki zote zile nilikuwa nahangaika na uaminifu wa yaya. Haikunipitia hata siku moja kwamba na mimi natakiwa kukaguliwa. Kwenye yale makundi picha za wasichana zimejaa, zinapita mkono kwa mkono. Picha za mabosi hazipo. Hakuna anayeandika: "Familia hii inalipa kwa wakati, baba ana adabu."

Nikampa namba ya mjumbe wetu na ya jirani. Akapiga kweli! Jirani akamwambia kwamba nakoroma mpaka nyumba ya pili, lakini sina ugomvi na mtu. Jumatatu yake akaja na begi.

Tukaandikiana karatasi moja: kazi zake, mshahara usioshuka chini ya kima cha chini, maana wafanyakazi wa majumbani nao wamo kwenye amri ya serikali, na siku ya kupumzika. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka wapumzike walau saa 24 mfululizo kila wiki. Wiki ya kwanza alikaa na mama mkwe. Ya pili tukaanza kumwachia saa mbili mbili na kurudi bila kupiga hodi. Na nikamwambia chama cha CHODAWU kipo, kinatetea wafanyakazi wa majumbani. Waifu akanicheka: "Unampa fimbo ya kukuchapia?" Nikasema ndiyo, nisipolipa anichape.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta: mtandao ukuletee jina tu. Usitume hela kwa mtu hujamwona. Wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni, mwombe uione. Ukiambiwa "hana simu", sema basi aongee kwenye yako, kwa video, umwone na umwulize mwenyewe umri wake na kama anataka hiyo kazi. Kisha tumia miguu: nenda, kaa naye, ulizia mtaani. Na ukishamwuliza yote, nyamaza, umwachie naye aulize.

Leo wakati naandika haya, saa 6 mchana, nimepiga nyumbani. Simu imeita mpaka imekatika. Zamani ningeshatoka mbio nimeacha kompyuta inawaka. Saa 7 akapiga mwenyewe: "Samahani baba, nilikuwa naye nje. Sasa amelala."

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe unayedaiwa mshahara na dada wa kazi, kabla hujageuza ukurasa huu, mlipe.